Maswali ya Kabatini

Mjukuu wangu alikuwa akipata themanini na kitu za kemia kila jaribio la shuleni, na mimi nikawa najigamba kwa majirani. Ukaja mtihani wa pamoja wa shule nyingi, akapata thelathini na moja. Mtoto hawezi kuwa mjinga ndani ya wiki tatu. Nikamkalisha chini.

"Bibi, maswali ya kule sijawahi kuyaona," akasema. "Sisi tunapewa ya kusawazisha milinganyo tu, namba ndogo ndogo. Kule wanakupa vitu viwili, gramu hizi na gramu hizi, useme kipi kitaisha kwanza na kipi kitabaki. Halafu kimoja si safi."

"Mwalimu wenu hana ya namna hiyo?"

"Anayo kabatini. Ni ya meza ya mbele."

Darasa lina meza sita. Ya mbele wanakaa wale mwalimu aliokwisha kuwaamini, nao hupewa karatasi ngumu. Meza tano zilizobaki hupewa nyepesi. Mjukuu wangu aliomba mara mbili, akaambiwa taratibu, atavunjika moyo. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza wiki tano. Anataka kusomea ufamasia, na akianguka kemia hakuna mlango mwingine.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini sabuni nimepika miaka thelathini. Hayo ya kipi kitaisha kwanza ndiyo kazi yangu. Mafuta yakizidi, sabuni inateleza kama uji. Kostiki, ile dawa kali ya kugandisha mafuta, ikizidi inachubua watu mikono, wanakuja kunirudishia. Nikachukua kopo la kostiki lililokwisha, nikalisuuza vizuri, nikavaa viatu vya kutokea, nikaenda shuleni na mjukuu wangu.

Mwalimu tulimkuta maabara, anaosha vyombo vya vioo. Wanafunzi wanamwita Taratibu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata maswali magumu."

Akatabasamu kama mtu aliyeombwa mwezi. "Bibi, nikiwapa wote watakata tamaa. Nawahurumia."

"Na huo mtihani, nao utawahurumia?"

"Taratibu, bibi."

"Taratibu naijua tangu hujazaliwa, lakini hiyo yako ndiyo iliyompa mtoto thelathini na moja."

Damu ilikuwa imenipanda. Nikaweka kopo mezani mbele yake. "Haya, nijibu langu la jikoni. Ndoo yangu ya mafuta ni kilo tisa kasoro gramu mia. Kostiki ni ya kopo hili. Nitie kiasi gani, viishe vyote pamoja?"

Akafurahi, nikamwona. Akashika chaki, akaandika upesi. "Tuchukulie mafuta ni ya aina moja. Hiyo ni moli kumi. Kila moli inakula moli tatu za kostiki. Gramu elfu moja na mia mbili."

"Mafuta yatabaki," nikasema.

"Hayabaki, bibi. Hii ni hesabu."

Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni. Akasema polepole, "Mwalimu, hukusoma kopo. Limeandikwa tisini kwa mia, si kostiki tupu. Hilo ndilo lililoniangusha juzi." Akaja ubaoni, akagawanya. Gramu elfu moja mia tatu thelathini na tatu.

Mwalimu akaligeuza kopo, akasoma, akaligeuza tena. Kisha akafungua kabati, akatoa bunda la karatasi, akampa mjukuu wangu.

Ningeweza kushukuru nikaondoka. Lakini hasira ndiyo kwanza ilizidi. Kumbe ufunguo ulikuwa mfukoni siku zote.

"Na watoto wa meza zile nyingine?"

"Nakala hazitoshi, bibi."

"Ubao huo hapo. Chaki unayo mkononi."

"Sasa hivi?"

Nikavuta stuli, nikakaa. "Mimi leo sipiki."

Akaanza kuandika. Watoto wakaitwa, wakaingia mmoja mmoja na madaftari, wakinitazama kama mkaguzi. Alipofika swali la saba akauliza kama yanatosha. Nikamuuliza meza ya mbele ilipewa mangapi. Ishirini na mawili. Akaendelea.

Tuliporudi nyumbani mjukuu wangu alianza la kwanza. Akakosea. Akarudia, akakosea tena, akatupa kalamu, akaninunia na mimi. Nikamwacha anune. Hilo la kukosea mapema, nyumbani kwao, ndilo mwalimu alilokuwa anamnyima.

Baada ya kitambo akainama chini ya meza, akaitafuta kalamu.