Mmarekani Asiyekunywa Oili

Kama kuna mtu mwenye haki ya kuyachukia magari yale ya Kimarekani, basi ni seremala. Alikuwa nalo moja, jekundu, la mtindo uleule na mwaka uleule kama la shemeji yake. Waliyachukua siku moja, wakayaendesha mpaka nyumbani yamefuatana, wanapigiana honi kama watoto. La seremala likamfia njiani kabla hata hajazoea kuliegesha. Injini ilinoki, ikanyamaza, na fundi aliyeitazama alitikisa kichwa tu. La shemeji yake, la rangi ya samawati, linatembea mpaka leo, na mwenyewe anatamba nalo utadhani alilizaa.

Kutamba huko ndiko kulikomkaa seremala rohoni. Shemeji yake huyo, mume wa dada yake mkubwa, alikuwa karani wa idara ya maji, sasa amestaafu, lakini mtaa mzima unamwita Kepteni kwa jinsi anavyoketi nyuma ya usukani: kidevu juu, mikono miwili, kama anaingiza meli bandarini. Ukimuuliza habari za gari, umejiponza mwenyewe. Atakuanzia kwa mwanzilishi wa kampuni, huko Marekani, enzi za mababu. Leo mwanzilishi alikuwa mhunzi wa kwato za farasi. Kesho alikuwa fundi baiskeli. Kuna siku alikuwa yatima aliyelala juu ya marobota ya pamba. Kitu kimoja tu hakibadiliki: mwisho wa hadithi Kepteni hulipiga boneti kofi la mapenzi na kusema, "Mmarekani wangu hanywi oili. Tangu anifikie mkononi sijamtia hata tone."

"La kwangu lilikufa, shemeji," seremala humjibu. "Injini ileile, kiwanda kilekile."

"Halikufa lile. Uliliua," Kepteni humwambia, na watu huvunjika mbavu.

Haya, ni utani wa mashemeji, na utani haununiwi. Lakini utani wa aina moja, miaka nenda miaka rudi, una mahali unapochoma. Seremala alicheka na wenzake, akarudi karakanani kwake, akapiga randa ubao kwa hasira mpaka ukawa mwembamba kuliko alivyoagizwa.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka dada alipopasuliwa jicho.

Seremala alikwenda kumjulia hali asubuhi moja, Kepteni yuko kwa kinyozi. Alimkuta dada yake ameketi kitandani wima, jicho moja limefunikwa, la pili nalo lina ukungu wake na linasubiri zamu. Daktari alimkataza kuinama, akamkataza kunyanyua kitu, na kwa sura yake ilionekana amemkataza na mengine ambayo hakuyapenda.

"Funga mlango," akamwambia. "Nina jambo la kukuomba, na ukicheka nakutoa nje."

"Sijacheka."

"Mmarekani anakunywa."

"Anakunywa nini?"

"Oili, ebo! Kikombe kizima kila siku. Asipokipata ataungua kama lile lako."

Seremala akakaa kwenye kiti bila kuambiwa. Dada akamweleza yote. Lile jekundu lilipokufa, yeye aliingiwa na hofu, akaenda mwenyewe gereji kuuliza. Fundi akamwonyesha pa kumimina. Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimekatika tangu linanunuliwa, kwa hiyo akatumia kikombe cha bati: kimoja kwa siku, hakipungui, hakizidi. Kopo la oili lilikaa ua wa nyuma, chini ya ndoo za kufulia. Kila alfajiri Kepteni akiingia bafuni kuoga na kuimba, na Kepteni akiingia bafuni hatoki leo, dada alikwenda barazani lilipoegeshwa gari, akafungua boneti, akamimina, akaifunga polepole.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Siku ya kwanza nilitaka. Nikamkuta mlangoni anamwambia jirani kwamba gari lake halinywi oili. Alikuwa na furaha, mdogo wangu, sijapata kumwona vile. Nikasema nitamwambia kesho." Akajipangusa mikono kwenye kanga. "Ndiyo hiyo kesho mpaka leo."

"Na miaka yote hiyo ananitukana mbele za watu!"

"Anakutania."

"Ananitukana! Na wewe umekaa pale, unajua kila kitu, unamimina chai!"

Sauti ilimpanda, na hakujali. Dada alimwacha amalize. Kisha akamwambia kilichobaki: wakala wa kampuni ile mjini alikuwa anafungua duka jipya Jumamosi ya wiki ijayo. Walialikwa wenye magari ya zamani, na Kepteni amepewa nafasi ya kusema machache. "Yule mtu hajaitwa mbele ya watu maisha yake yote ila kutukanwa kwa ajili ya bili za maji. Kikombe kimoja, kila asubuhi, mpaka siku hiyo. Nakuomba."

"Nitaona," seremala akasema, akatoka.

Sasa mtazame huyu bwana anavyokwenda nyumbani. Hakuhitaji kusema uongo wowote. Hakuhitaji kumhujumu mtu. Kazi yake ilikuwa ni kutofanya kitu, basi, na kutofanya kitu ni kazi rahisi kuliko zote. Jumamosi, mbele ya wakala na umati wake, Mmarekani angenoki kama mwenzake alivyonoki, na kicheko cha siku hiyo kingekuwa cha seremala peke yake. Alikifikiria kicheko hicho jioni nzima. Alikifikiria kitandani pia, akageuka huku na huku mpaka mkewe akamuuliza kama ana viroboto.

Alfajiri alijikuta kwenye ua wa nyuma wa dada yake, kikombe mkononi.

Alijichukia, naam. Bafuni Kepteni alikuwa anaimba kwa sauti ya kupasua bati. Seremala alinyata mpaka barazani, akainua boneti, akamimina oili huku anailaani, kisha akairudisha boneti bila kuibana, isisikike. "Kunywa, mlevi wewe. Kunywa." Kesho yake akarudi, na kesho kutwa pia. Lakini seremala hakumwambia dada yake neno. Alimwacha akisie mwenyewe, maana moyo wake ulikuwa na kinyongo kidogo bado, kwa hiyo hata "nimeshatia" hakusema.

Oili ilimrukia shatini. Mkewe, fundi cherehani, alilipokea lile shati, akalipeleka puani.

"Ni vanishi," seremala akawahi.

"Vanishi hainuki hivi," mkewe akasema. Ana pua, yule mama. Moshi wa jirani anaujua ni wa kuni gani. Lakini habari za magari aliacha kuzisema nyumbani mle tangu zamani, basi akalitupa shati kwenye beseni na kurudi kwenye cherehani yake.

Jumamosi ikafika. Duka la wakala lilikuwa vioo juu mpaka chini, magari mapya ndani yanameremeta, viti vya plastiki nje, na magari ya zamani yamepangwa mstari kwenye uwanja wa mbele. Wenye magari walikuwa wanapiga domo. Mwalimu mmoja wa kike aliapa kwamba lake limekuza watoto wake wote na gereji linaijua kwa matairi tu. Mfanyabiashara aliyesimama karibu naye akamwambia ana bahati: la kwake, jipya kabisa, limevutwa kwa kamba mara nyingi kuliko alivyoliendesha, giaboksi inaingia inapotaka yenyewe. "Na bado nalipenda," akaongeza kwa uchungu. "Sijui nimelogwa?" Wakala akamwahi na soda.

Kepteni alifika na suti yake ya harusi, na dada yuko kiti cha nyuma na miwani myeusi, amekataa katakata kubaki nyumbani. Zamu ya Kepteni ilipofika alishuka, akashika kipaza sauti. Mwanzilishi wa kampuni siku hiyo alikuwa fundi saa. Watu walisikiliza, na kwa kweli alisema vizuri. Hata seremala, huko nyuma kwenye viti, alijikuta anataka kujua kama yule fundi saa atampata mke. Kisha Kepteni akalipiga boneti kofi.

"Mmarekani wangu hanywi oili," akasema. "Hebu msikilizeni mwenyewe."

Akaingia, akawasha, akakanyaga mafuta.

Loo! Moshi uliotoka hapo! Mweupe, wenye ubuluu, mzito, ukafunika viti, ukaingia dukani kwa wakala, ukazima mng'ao wa vioo vyote. Injini ikakohoa, ikatetemeka, ikazima. Watu wakakimbia wameziba pua, kisha wakaanza kucheka. "Hanywi, lakini anavuta!" mtu akapaza sauti, na hapo kicheko kikawa cha uwanja mzima.

Seremala alijipenyeza mpaka mbele. Kepteni alikuwa ameshuka, kashika mlango wa gari. Suti imekuwa kubwa ghafla mwilini mwake.

"Shemeji," akasema kwa sauti ndogo, "ulisema kweli. Magari haya ni takataka. Nimejidanganya."

Ndiyo hayo maneno. Seremala aliyangoja tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alishawahi kuyafanyia mazoezi majibu yake akiwa peke yake karakanani, ana msumari mdomoni. Sasa yamekuja, na aliona uchungu tu, uchungu wa kumwona mzee wa watu kasimama pale anachekwa. Akageukia umati.

"Gari ni zima!" akapiga kelele. "Ni mimi! Nimelitia oili kila asubuhi wiki nzima bila yeye kujua. Nimezidisha. Kama mnacheka, nichekeni mimi!"

Kepteni alimtazama.

"Umetia asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Kiasi gani?"

"Kikombe. Kile cha bati."

Kepteni akafikiri. "Kikombe kimoja hakizidishi," akasema taratibu. "Shida ni kwamba mimi nilitia jioni."

"Wewe? Si gari lako halinywi?"

Kioo cha nyuma kikateremka. Kichwa cha dada kikatokeza na miwani yake. "Na mimi nimetia mchana," akasema. "Kwa kupapasa. Msinitolee macho! Huyu ndugu yangu aliniambia 'nitaona', na mimi namjua, angeona mpaka liungue."

Mwalimu yule wa kike ndiye aliyeanza, akacheka mpaka akashikilia gari lake. Safari hii hata mfanyabiashara alicheka. Fundi wa dukani akaja na sufuria ya kumwagia oili, akajilaza chini ya gari, na oili ikatoka, ikatoka, mpaka akauliza kama wamechimba kisima.

Dada hakucheka. "Ulijua?" alimuuliza mumewe. "Tangu lini?"

"Tangu zamani." Kepteni alikuwa anatazama viatu vyake. "Unafikiri mtu anaoga muda wote ule? Nikishamaliza nakaa juu ya ndoo, naimba, nangoja usikike umefunga boneti. Nikitoka mapema nitakukuta."

"Kwa nini hukusema, mume wangu?"

"Ningesemaje? Kila siku kuna mtu anaamka kabla yangu kwa ajili yangu. Niliogopa nikisema utaacha." Akamsogelea dirishani. "Ulipopasuliwa nikasema sasa ni zamu yangu."

Dada alitoa mkono dirishani, akamshika suti, akaivuta hivyohivyo. Seremala alitaka kukasirika. Alitaka kusema: basi miaka yote hii unaniita muuaji huku unajua lako linanyweshwa! Alifungua kinywa kabisa. Kisha harufu ya ile oili iliyoungua ikamwingia puani sawasawa, naye akakumbuka kitu alichokuwa hajakikumbuka kwa muda mrefu sana, akafunga kinywa.

Hakungoja gari liwashwe tena, ingawa liliwashwa na likatembea. Alikwenda nyumbani kwa miguu.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, anapinda mkono wa gauni. Alinusa seremala alipoingia, akaendelea kushona. Seremala akavuta kigoda, akaketi karibu na pedeli.

"Lile gari jekundu," akasema. "Siku ile tunatoka kumwona mama yako. Uliniambia pananuka kitu kinaungua."

Pedeli ikasimama. "Nilikuambia."

"Palikuwa pananuka."

"Najua. Si nilikuwemo?"

"Nikakuambia wewe shona nguo zako, gari niachie mimi."

"Nikashona," mkewe akasema. Akaukata uzi kwa meno, akaligeuza gauni, akalitazama mshono. "Na wewe ukazunguka mji mzima kuwaambia watu kwamba kampuni ndiyo mbaya. Mimi nilikuwa nangoja tu siku utakayowaomba radhi Wamarekani."

Sauti yake ilikuwa kavu, lakini mkono wake haukurudi kwenye gurudumu la cherehani. Ulikaa pale juu ya kitambaa, unangoja.

"Hao baadaye," seremala akasema. "Naanza na wewe."