Taa Nne na Kiti cha Don Evaristo

"Mkwaruzo wa kunipita mimi bado haujazaliwa!" alitangaza Don Evaristo, amekalia kiti chake cha ukaguzi kama askofu.

Kwa miaka kumi na tisa hakuna pete ya beringi iliyotoka kiwandani pale Querétaro bila kupita mbele ya miwani yake. Sasa Injinia Itzayana, binti wa juzi tu, alikuwa amefunga kamera ndani ya kuba jeusi, na meneja akaamua: pete ishirini, mzee ashindane na kamera. Kamera ikimshinda, mzee ahamie kwenye kufungasha.

"Taa nne za nini, binti? Harusi ya nani?"

Wafungashaji wakaangua kicheko.

"Zinawaka kwa zamu, don. Kila moja na upande wake."

"Mwanga ni mwanga."

Akaanza kukagua chini ya taa yake ya juu. Akatupa tatu mbovu. Ya kumi na saba ilimchelewesha; akainuka nayo hadi meza ya jirani, akarudi. Akaipangusa kwa kitambaa, akaiweka kwenye nzima.

Ikaja zamu ya kamera. Ikakataa tatu zilezile, na mzee akaanza kupiga mluzi. Kisha ikakataa ya kumi na saba. Mluzi ukakatika.

"Hayo mafuta tu!"

"Doa la mafuta halibadiliki, taa itoke upande wowote," alisema Itzayana. "Hebu tazama hili."

Taa ya mbele: hakuna kitu. Ya kushoto: uzi wa kivuli, mwembamba kuliko unywele wa kichanga. Ya kulia: kivuli kikarukia ng'ambo ya pili ya mkwaruzo. Don Evaristo akasogea mpaka pua ikagusa skrini. Miaka yote hiyo, na hajawahi kuona chuma kikikiri kosa lake waziwazi namna ile!

"Rudia," alinong'ona. Ikarudiwa mara tatu. "Ee Mama Bikira, binti, umekinasa kivuli chenyewe!"

Ndipo akakumbuka kiti. Akakohoa.

"Mkwaruzo niliuona, lakini. Niliuacha makusudi, nipime mashine."

Doña Remedios, mfungashaji wa meza ya jirani, akaiweka chini gordita yake, mkate mnene wa mahindi aliokuwa akila.

"Makusudi, Varo? Si uliniletea hiyohiyo, ukaniuliza, 'Reme, haya mafuta au mkwaruzo?' Nikakwambia isogeze dirishani, mwanga uje kutoka ubavuni. Ukanijibu nini vile? 'Mwanga ni mwanga'?"

Watu wote wakamgeukia. Don Evaristo akawa anatafuta miwani, nayo iko puani.

"Basi njoo tufungashe," akasema Remedios. "Kiti kipo. Tena kiko dirishani."