Kukwama kwa Roslyn

Mama yake Roslyn Petherick alikufa Jumanne, akazikwa Ijumaa asubuhi, na Ijumaa hiyohiyo jioni Roslyn alikuwa kwenye chumba cha kuvalia nyuma ya jukwaa, anafungwa vifungo vya gauni la kizamani. Vifungo vyenyewe viko mgongoni, vingi, kana kwamba aliyelishona alikuwa na ugomvi na wanawake. Roslyn hakuwa amelia. Kanisani alijaribu, akabana macho kama anayekamua ndimu kavu, lakini wapi.

"Una uhakika, bibie?" Fergus, mwongozaji wa mchezo, alichungulia mlangoni. "Tahlia yuko tayari. Maneno yote anayo kichwani."

Tahlia, mwigizaji wa akiba, alikuwa kwenye kona anakula sandwichi ya jibini, akijitahidi sana kuonekana hana njaa ya kitu kingine.

"Nacheza," alisema Roslyn.

Sababu hakuwaambia. Akiacha mchezo, kazi inayobaki ni moja tu: kwenda Bassendean kufungua nyumba ya mama, kukunja mablanketi, kumwaga maziwa yaliyoganda kwenye friji. Hapa jukwaani angalau karibu kila anachotakiwa kusema kimeshafikiriwa na mtu mwingine.

Mchezo ulikuwa mpya, wa wanawake wa kwanza kupima nyota hapa Perth. Zamani hizo wanaume walikesha na darubini, wakaipiga mbingu picha kwenye mabamba ya kioo. Mchana wanawake waliinamia hadubini, wakapima kila nukta nyeusi kwenye kioo, maana katika picha zile nyota hutoka nyeusi. Nani alilipwa zaidi, huhitaji kukata tiketi ili ujue.

Walifanya kazi wawiliwawili. Mmoja anasoma kipimo, mwenzake anakirudia kwa sauti huku anaandika. Mwandishi hasahihishi. Akiwa na shaka anasema neno moja, "Tena," na msomaji anaangalia upya. Fergus aliipenda desturi hiyo mpaka akakataa kuweka nambari kwenye mchezo: msomaji ataje yoyote inayomjia, mwandishi amfuate. Msomaji alikuwa Roslyn. Mwandishi alikuwa Glenys, mwalimu mstaafu.

"Maisha yangu yote nasahihisha watoto wa watu," Glenys alinung'unika tangu siku ya kwanza ya mazoezi, "uzeeni ndio naambiwa nifunge bakuli."

Ukumbi ulijaa. Nusu ya kwanza ilipita vizuri, watu wakacheka panapochekesha. Kisha ikaja zamu ya kupima. Roslyn akainamia hadubini.

"Arobaini na mbili, nukta saba."

"Arobaini na mbili, nukta saba," Glenys akarudia, akaandika.

"Arobaini na mbili, nukta saba."

Glenys akainua jicho moja. "Arobaini na mbili, nukta saba."

"Arobaini na mbili, nukta saba."

Roslyn alijisikia akisema. Alijua kuna nambari nyingine duniani, nyingi tu, lakini hakuna hata moja iliyojitokeza. Hakuogopa wala hakuona aibu. Alikuwa kama amesimama nje ya duka lililofungwa, anasoma kibao. Akaitaja tena. Na tena. Watazamaji waliacha kukohoa.

"Tena," alisema Glenys, polepole.

Roslyn akatazama kioo. Aliyekipaka rangi alikuwa amerusha nukta ovyoovyo kwa brashi. Akachagua moja, ya pembeni kabisa, akaikazia macho mpaka ikawa kitu.

"Kumi na tisa," alisema. "Nukta tatu."

"Kumi na tisa, nukta tatu," akajibu Glenys, na sauti yake ikakwaruza.

Ukumbini mtu alilia waziwazi. Mwishoni watazamaji walisimama wakapiga makofi, na Roslyn akainama pamoja na wengine, akiwaza viatu vinambana.

Fergus alimvamia nyuma ya pazia, macho mekundu. "Mwanamke wewe! Ile kurudiarudia! Umeitoa wapi? Kila siku, umenisikia? Kila siku iwepo!"

"Sawa," alisema Roslyn.

Glenys alimsubiri Fergus aondoke. "Haikuwa uigizaji, ile."

"Haikuwa."

"Nilijua. Na ningekupa nambari, shoga, ilikuwa hapa mdomoni. Lakini kazi yangu hairuhusu, si ndivyo tulivyofundishwa?" Akamfungua vifungo mpaka cha mwisho.

Jumamosi Roslyn aliinamia hadubini tena, tayari kukwama. Nambari zikaja. Ishirini na nane, sitini, tisini na moja, zikamwagika kama njugu kutoka mfuko uliochanika. Alijaribu kuishika moja airudie. Ikasikika kama mtu aliyesahau nambari ya simu yake mwenyewe. Kuna aliyecheka, akanyamazishwa.

"Imeenda wapi?" Fergus aliuliza baadaye. Hakuwa mkali, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Sijui. Haipo."

"Roz, mpenzi, watu wamesimuliana mji mzima. Wanakuja kwa ajili ya ile." Akakuna kidevu. "Labda tumjaribu Tahlia. Mchana tumefanya naye kidogo. Anakwama vizuri sana."

Tahlia, aliyekuwa kwenye kioo cha kujipodoa cha jirani, aliona haya mpaka masikioni. "Mimi nilijaribu tu," alisema.

Kulikuwa na kitu kimemchoma Roslyn chini ya mbavu, kidogo mno, na alikihifadhi bila kukigusa, asije akakipoteza.

"Mpe," alisema.

"Sijasema uache, nimesema tu..."

"Mpe, Fergus. Anakwama vizuri."

Akageuka, akamwonyesha Glenys mgongo ili afunguliwe. Glenys alianza kwa kifungo cha juu.

"Kesho unafanya nini?" Glenys aliuliza.

"Naenda Bassendean."

"Peke yako?"

"Peke yangu," alisema Roslyn. Mgongoni vidole vilisimama.

"Tena," alisema Glenys.

"Sitaki kwenda peke yangu," alisema Roslyn.