Kigingi cha Chumba cha Mama

...na nikisema hapa, pigilia hapa, basi imekwisha, Kitwana atashusha nyundo na chumba cha mama kitakuwa hapa, ngazi ya tatu ya nyumba, chini kabisa ya mteremko, hatua sita kutoka maji yanapofika kwa mujibu wa mchoro wangu, na mchoro wangu ni mwongo... siyo mwongo, sikukusudia, lakini mchanga huu una unyevu, nimeuchokora kwa kidole cha mguu nikijifanya nawashwa, na pale juu yangu, hatua mbili tu kupanda, kuna mstari wa majani ya bahari na vifuu na kandambili moja, bahari ilifika pale alfajiri ya leo, mwezi una siku kumi na sita, bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, na sasa saa nne maji yametoka mpaka wanawake kwenye mashamba ya mwani wanaonekana madoa tu, na mimi nilikuja kupima siku ya maji mafu, bahari haijai wala haitoki sana, Adila binti Husseni, mtoto wa Mlingotini, niliyesomeshwa kwa mwani mpaka nikawa mchoraji wa majumba, nikaja na tepu yangu kutoka Dar siku ya maji mafu, takataka za bamvua kaka yangu Shuaibu alishazifagia na kuzichoma ili mimi mpimaji nipaone pasafi, maji yakajaa kidogo kama ya kwenye karai, nikasema bahari mwisho wake hapa, nikachomeka alama. Mtu wa bara angesamehewa.

"Dada Adila, nipigilie? Kwa karatasi yako naona ndipo penyewe," anasema Kitwana, fundi wa Makurunge, huko wanajua mashamba, ya bamvua atayajulia wapi, na Shuaibu ameshika kamba upande wa pili, ana duka la simenti Zinga, bahari anaiona sikukuu kwa sikukuu, yeye ndiye aliyesema mbele ya baba wadogo kwamba nyumba ya familia si ya kufanyia majaribio, tubomoe ile ya marehemu baba kule juu tujenge palepale, nami nikasimama nikasema magoti ya mama hayapandi tena, akitoka shambani na gunia la mwani anaupanda huu mteremko amekaa, kinyumenyume, kama mtoto, chumba chake kiwe chini, mlango ufunguke mchangani, na baba wadogo wakanikubali, nikafurahi, nilifurahi kumshinda Shuaibu kuliko kumpatia mama chumba, ndiyo, na hilo nalo ni kosa langu... nikisema sasa Shuaibu atacheka, siyo kwa sauti, atacheka puani, na kicheko hicho atakuwa nacho mpaka siku ya kunizika. Au tuinue msingi, mita moja na nusu, niseme nimebadili mawazo, fundi ongeza mawe, nani atajua... mawe juu ya mchanga huu, masika na bamvua zikikutana, nimeyasomea haya, maji yatachimba chini ya msingi na mama ndani amelala.

Mama ameketi kwenye kiti cha plastiki, dua imeshasomwa, ubani bado unafuka, anawatazama wenzake kule mbali, leo ameacha shamba kwa ajili yangu, siku za bamvua ndizo za kwenda, maji mafu hawaendi, maji mafu wanakaa nyumbani... wanakaa nyumbani. Siku ile nilipopima alikuwa nyumbani. Alikuwa anakuna nazi, nikamwuliza mama leo hukwenda, akasema maji hayatoki leo, mwanangu, nami nikaitika bila kusikia, akaniletea chai hapa chini, kwa magoti yale yale, akanitazama nikichomeka alama, akaitazama alama, mwanamke wa miaka ishirini na tano ya mwani, akaniuliza kama sukari inatosha. Alijua. Na mbele ya baba wadogo alijua, na akawatangazia wenzake wote kuwa mlango wake utafunguka mchangani, atahamia humu na godoro lake, maji yakipenya chini ya mlango atakunja mkeka na kusema ni umande tu, asije Shuaibu akanicheka. Ya Rabi. Mama amekubali kulala majini ili mimi nisiaibike, na mimi nimesimama hapa napima kicheko.

"Adila, tusemeje sasa?" anasema Shuaibu, anavuta kamba, Kitwana kigingi mkononi, bado ananingoja, na mama amegeuka, ananiitikia kwa kichwa kidogo, pigeni tu, na naona anaogopa, haogopi maji, ananiogopea mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na nane, naona haya mpaka masikio yanawaka, na mdomo wangu unafunguka, maneno ni mawili tu, kaka, nilikosea, acheke, acheke mpaka adhuhuri, mama hatalala hapa.