Kuni Mlangoni mwa Mwape

Jumapili, tarehe 17 Juni 1973. Baridi ya kipupwe ilikuwa imeishika Lubumbashi asubuhi hiyo. Ukungu ulilala juu ya mto Naviundu, na upepo haukutikisa hata jani. Siku ya namna hiyo sauti husafiri mbali.

Donat alitoka misa ya kwanza akaenda moja kwa moja kwa mjomba wake Mwape. Mzee huyo, kaka wa mama yake, alikuwa mwindaji kabla kifua hakijamlaza. Hakuwa na mtoto, na kwa desturi ya Wabemba bunduki yake ingemwendea mpwa. Lakini alikuwa amesema wazi kwamba hatamwachia mtu asiyejua kuipiga.

Kwa hiyo, tangu mvua zikatike, Donat alikuwa akijifunza na bunduki tupu, mjomba akimsogeza bega kwa fimbo kutoka kitandani.

"Unataka kuua nini?" mzee alimwuliza siku ya kwanza.

"Hapana kuua, mujomba. Nataka tu kupiga kopo siku ya Mungu, kwa kufurahi."

"Kopo!" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mutoto wa dada yangu, kopo haina muchuzi!"

Asubuhi hiyo alimpa baruti kwa mara ya kwanza. "Enda ng'ambo ya mto, kwenye kichuguu kikubwa. Miye nitakaa hapa mulangoni. Nitasikia."

Donat aliegemeza kopo la maziwa kwenye kichuguu, akafanya ishara ya msalaba, akapiga. Akakosa. Akashindilia baruti tena, akakosa tena. Mara ya tatu alikumbuka kutoa pumzi polepole, na kopo likaruka. Alicheka peke yake porini kama mtoto.

Akiwa bado anacheka, akasikia vilio upande wa nyumbani.

Kwa furaha yao, mjomba na mpwa walikuwa wamesahau jambo moja. Mwindaji akifa, bunduki yake mwenyewe hupigwa ili majirani wajue. Bunduki ya Mwape ilikuwa na mlio wake, mzito wenye mkwaruzo, na tangu augue ilikuwa kimya. Majirani hawakusema, lakini walikuwa wakiungoja mlio huo.

Donat alikimbia. Njia ilijaa wanawake wenye kuni za matanga vichwani. Kulthumu, jirani wa Maniema, alikuwa amekumbatia mkeka huku akilia. Mbele yao alikwenda Virginie, wa ukoo wenye utani na ukoo wa Mwape. Alikuwa amejipaka majivu usoni, akigonga kifuniko cha sufuria, kwani ni haki ya mtani kumtukana maiti.

"Tokeni njia! Leo nazika mulafi! Nyama yote ya Katanga iliishia mu tumbo yake!"

Akakata kona, akamwona maiti ameketi mlangoni, amejifunika blanketi, anaota jua.

Kifuniko kilimponyoka.

"Virginie," mzee alisema taratibu, "maliza basi. Miye ni mulafi, na nini ingine?"

Watu walicheka. Virginie hakucheka, machozi yalichora njia kwenye majivu yake. Na hakuna aliyejua la kufanya na kuni. Kuni za matanga hazirudishwi. Anayezirudisha anakiita kifo kwake. Mmoja baada ya mwingine waliziweka chini kando ya ukuta, na Mwape akautazama mrundo ukikua.

"Ulipiga bila kuambia batu!" Adolphine, mama yake Donat, alimfokea. "Unamuzika kaka yangu muzima?"

Donat alipiga magoti.

"Muache, Adolphine. Ni miye nilimutuma." Mzee alimgeukia mpwa wake. "Ile ya tatu, ilipata?"

"Ilipata, mujomba."

"Basi bunduki ni yako. Usiache kopo yako."

Lakini tangu siku hiyo mzee hakutoka tena kuketi mlangoni. Donat alitaka kuziondoa kuni, mzee akakataa. "Ziache. Niliona batu benye kunililia. Wengi banakufa bila kuona."

Alhamisi kulipopambazuka, Mwape alifariki. Kama zile risasi ndizo zilizomwita, au saa yake ilikuwa imefika, Mungu peke yake anajua. Donat alimwuliza Mungu hivyo kwa miaka mingi, na hakuacha kusali.

Asubuhi ile alisimama uani akapiga bunduki ya mjomba wake jinsi desturi inavyotaka. Akangoja. Hakuna aliyekuja. Ng'ambo ya ua mtu alisema, "Ni Donat na kopo zake."

Ikabidi aende mlango kwa mlango, akilia, akiwaambia kwamba leo ni kweli.

Jioni moto wa matanga uliwashwa kwa kuni zilezile. Adolphine akamkabidhi mwanawe bunduki mbele ya wote. Donat alisimama, akaishika kwa mikono miwili.

"Miye Donat, mbele ya Mungu na mbele yenu. Kila mara nitaenda kupiga kopo, nitapita kwanza kwenu, mulango kwa mulango, kuwaambia hakuna mutu alikufa. Na siku mutasikia bunduki hii bila kuniona, mukuye mbio, na kuni."