Unga wa Konokono

Karanga za Evelina zilikuwa na majani ya kupendeza, hata wapita njia pale Sengerema walisimama kuyasifia. Balaa lilikuwa chini. Ukiling'oa shina unakuta maganda makubwa makubwa, ukiyabana yanalia pa! na ndani hamna kitu. Msimu wa pili huo. Mdogo wake, Maige, alishasema bila kuficha: zikikataa tena, shamba la marehemu mama yao linapandwa mikaratusi.

Evelina, mwalimu mstaafu aliyehama kutoka Pasiansi mjini kwa ajili ya shamba hilo tu, aliumia sana. Samadi alimwaga, tena ya kutosha. Mwishowe akamwita bwana shamba, kijana aitwaye Josephat.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu niambie, nani kanilia punje zangu?"

Josephat akacheka, akafukua taratibu. Akamwonyesha ua lililonyauka lilivyoteremsha kijiti hadi ardhini, na ganda changa likiota nchani.

"Kalsiamu inayonyonywa na mizizi inapanda kwenye majani, mama, hairudi chini. Ganda linajinyonyea lenyewe kwenye udongo uliolizunguka, na udongo huu wa kichanga hauna kalsiamu. Msimu ujao nyunyiza jasi au chokaa hapa juu, maua yakianza."

Maua yakianza! Evelina akilini alimwona mama yake vile vile, khanga kiunoni, akitoka ufukweni na ndoo ya magamba ya konokono. Aliyachoma, akayatwanga kinuni, akanyunyiza unga ule mweupe kama chokaa kwenye mashina yenye maua huku akiwataja bibi zake mmoja mmoja. Jamani, siku zile! Nyumba nzima ilinuka ziwa, na karanga za kuchemsha zilijaa sufuria hadi mfuniko ukakataa kukaa. Kisha Evelina akaja likizo kutoka chuo cha ualimu, ameokoka juzi tu, mdomo mrefu, akamwambia mama mbele ya wanakwaya kwamba ule ni ushirikina na auache. Mama hakubishana naye. Aliacha.

Msimu uliofuata Evelina hakuhangaika na jasi. Alishuka ufukweni mwenyewe, akaokota, akachoma, akatwanga. Majirani walimcheka hadi wakachoka, mwalimu mzima anatwanga konokono. Maua yalipotokea akanyunyiza, na bibi zake akawataja, wale aliowakumbuka.

Siku ya kuvuna Maige alibana ganda, akabana la pili, akabana la kumi. Punje mbili mbili, nono, nyekundu.

"Basi, mikaratusi tuisahau," akasema.

Evelina alicheka kwa furaha, mdomo umejaa karanga mbichi. "Ni zile zile alizokuwa ananitumia mama mjini! Debe zima kila mwaka, hata alipozeeka."

Maige akaliweka chini ganda alilolishika.

"Dada, zile alikuwa ananunua sokoni. Hapa hazikutia punje tena tangu ulipomkataza."

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema unapenda karanga. Ukijua, utashindwa kuzila."

Evelina akakaa pale pale juu ya tuta, akamlilia mama yake kwa sauti, hadi watu wa shamba la pili wakaja mbio wakidhani kuna msiba.