Nguzo ya Kona ya Nyuma

Siku ya tatu ya kubomoa ghala la mwalimu, fundi aliamka na hofu. Hakuwa mwanamke mwoga wa kazi. Ulikuwa mwaka wa kumi na tisa yeye na kaka yake wakizunguka mashambani, wakivunja maghala yaliyozeeka na kuondoka na mbao zake, ambazo karakanani kwake ziligeuka milango, meza na vitanda. Mbao iliyokaukia chini ya paa miaka sitini haipindi tena, na wateja wake walilijua hilo. Alichokiogopa safari hii ni masikio ya kaka yake.

Ilikuwa imeanza kidogo kidogo. Simu ya kaka ingelia mfukoni mpaka ichoke, naye anaendelea na kazi yake. Ukimuuliza kama amekula, anakujibu kwamba msumeno uko kwenye gari. Mwishowe fundi alimuuliza wifi yake, na wifi hakuzunguka mbuyu. Alisema anajua yapata mwaka mzima. Mumewe alikuwa anasoma midomo ya watu, na akishindwa kuisoma anacheka, kwa kuwa anayecheka hudhaniwa amesikia. Akamsihi fundi asimwambie mtu. Mwanamume yule akikatazwa maghala, alisema, ataketi ukutani na kuanza kufa taratibu. Fundi akakubali. Alijiambia anafanya hivyo kwa ajili ya wifi, ingawa moyoni alijua kwamba bila kaka yake hakuna ghala angeweza kulivunja, na oda za milango zilikuwa zimemfika shingoni.

Na kazi ile ni ya masikio. Kaka mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Unaigonga nguzo kwa nyundo, unasikiliza: iliyo nzima hulia kavu na kali, iliyoliwa na mchwa hulia butu, kama unagonga gunia la pumba. Hata jengo linapotaka kuanguka hutoa sauti kwanza. Kaka alipenda kusema, kwa ule uso wake usiocheka anapotania, kwamba mti una adabu kuliko wakwe zake, maana mti hupiga hodi.

Ghala hilo lilijengwa na baba mkwe wa mwalimu. Mwalimu mwenyewe alikuwa mama mstaafu wa miaka sabini na ushee, mwembamba, mwenye sauti iliyozoea kunyamazisha darasa. Ghala lilikuwa limeanza kuegemea upande wa zizi, naye akawahofia ng'ombe wake. Boriti zake zilikuwa nene kama kiuno cha mtu mzima, zimeunganishwa na nguzo kwa vigingi vya mti. Siku mbili za kwanza walishusha mabati na mapao yaliyoyabeba. Zikabaki nguzo, boriti za dari na mbao zake, pamoja na miti ya mshazari iliyozishika kona zisiyumbe.

Asubuhi hiyo kaka alizipitia nguzo moja moja na nyundo yake. Fundi alikuwa nje, hatua kama kumi hivi, aking'oa misumari kwenye mapao. Kaka alipoifikia nguzo ya kona ya nyuma, sauti iliyomfikia fundi ilikuwa butu. Aliinua kichwa. Kaka akaigonga tena, akaiwekea kiganja kama anampima mtu homa, kisha akamgeukia mwalimu aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Hii nzima, mama. Ina afya kunishinda mimi."

Fundi alifungua mdomo, akaufunga. Pengine ni umbali. Pengine ni upepo. Halafu angesema nini mbele ya mwenye mali? Kwamba mtu aliyemletea hasikii? Akajipa moyo kwamba boriti kubwa ya katikati wameshaiwekea gadi mbili, magogo mafupi ya kuiegemeza. Mwalimu akaenda zake zizini. Fundi akarudi kwenye misumari, lakini kila nyundo ya kaka ilipotua mle ndani, aliacha kung'oa akasikiliza.

Ilikuwa saa nne na jua lilikuwa kali. Kaka alikuwa anatoa kigingi cha mti wa mshazari, ameipa mgongo ile nguzo ya nyuma. Hapo fundi akasikia. Hakikuwa kishindo. Ulikuwa mlio mrefu, mwembamba, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha watoto. Aliita jina la kaka yake. Kaka akaendelea kugonga. Akaita tena kwa nguvu zote, mpaka ng'ombe wakageuka zizini, na kaka akainua nyundo, akagonga, akapuliza vumbi kwenye kigingi. Fundi akaokota kipande cha pao akakirusha. Kilidondoka nyuma ya miguu ya kaka, asikione.

Baadaye watu walimuuliza alifikiria nini. Hakufikiria kitu. Alijikuta ndani, amemkamata kaka shati la mgongoni, anamvuta kuelekea kwenye gadi, na papo hapo nguzo ya nyuma ikajikunja kama karatasi iliyolowa. Pande la dari likashuka. Vumbi likawafunika.

Lilipopungua, fundi aliona kwamba wako hai. Boriti kubwa ilikuwa imelala juu yao, upande mmoja umekaa kwenye gadi, upande wa pili kwenye rundo la mbao walizokuwa wameshazitoa. Chini yake palibaki nafasi ya watu wawili waliojikunyata. Boriti nyingine ndogo ilikuwa imekibana kiatu cha kaka. Mguu ulikuwa mzima, lakini hautoki. Juu ya vichwa vyao mbao za dari zilining'inia, na jua likipita katikati yake.

Kaka akaanza kujivuta. Dari ikalia. Fundi akamkaba mkono kwa nguvu zote, na kaka akaganda, akimtazama midomo.

"Inalia?" aliuliza.

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Mimi sisikii kitu."

Hakuwa amewahi kuyatamka maneno hayo, na aliyasema polepole, kama anakiri kosa polisi. Fundi alikuwa ameshageuza macho. Gadi iliyokuwa karibu naye ilikuwa na ufa, na ufa ulikuwa unapanda. Aliuona ukifika kwenye jicho la mti, ukasimama, ukalizunguka, ukaendelea. Akamfahamisha kaka kwa midomo na vidole: nikikukaba, ganda, nikikuachia, jitayarishe.

Mwalimu alifika akihema. Hakupiga kelele. Aliwatazama, akawaambia ameshapiga simu kwa majirani, ila wa karibu kabisa watachukua nusu saa. Fundi akamwambia gadi haina nusu saa. Akamwomba jeki ya trekta. Mama yule akaondoka mbio kwa namna ambayo fundi hakuitegemea, akarudi akiiburuta juu ya kipande cha bati, akapiga magoti, akaisukuma ndani kwa mpini wa reki mpaka fundi akaishika.

Akaiweka chini ya boriti ndogo, juu ya kipande cha ubao, akaanza kupampu. Mara moja, akasikiliza. Mara ya pili, akasikiliza. Mara ya tatu dari yote ikaguna, na fundi akamkaba kaka hata kucha zikamwingia. Wakakaa hivyo, pua kwa pua, jasho la mmoja likimdondokea mwenzake. Fundi alihisi mkojo unataka kumtoka. Mguno ukaisha. Akapampu tena. Boriti ikainuka upana wa kidole, akamwachia kaka mkono, na kaka akauchomoa mguu akakiacha kiatu. Wakatoka kwa matumbo, kaka mbele, fundi nyuma, mwalimu akiwavuta mabega.

Walikuwa hawajafika kwenye uzio gadi ilipopasuka. Kilichobaki cha ghala kikakaa chini kwa kishindo kimoja. Hata hicho, kaka alikijua kwa kuona ng'ombe wakikurupuka.

Mwalimu aliwaletea maji, akaenda kuwatuliza wanyama wake, labda makusudi. Fundi alikunywa, akakiweka kikombe chini. Akangoja kaka amtazame ndipo akasema.

"Asubuhi niliisikia ile nguzo. Ililia butu. Nikanyamaza."

Kaka alimtazama midomo muda mrefu baada ya midomo yenyewe kunyamaza.

"Kwa nini?"

"Niliona haya. Na nilikuhitaji."

Kaka aliinuka, akatembea na kiatu kimoja mpaka kwenye gari, akaketi akitazama mbele. Njia nzima hakumgeukia. Siku nne hakutia mguu karakanani, na fundi alizimaliza kwa hofu nyingine, ya kwamba amemwokoa kaka yake ili ampoteze.

Siku ya tano alikuja, ameongozana na wifi. Wifi alikuwa amelia, lakini uso ulikuwa mwepesi. Kaka alisema ameyasikia yote kwa mkewe, au tuseme ameyaona, na kwamba kilichomuuma si kuambiwa hasikii. Ni wanawake wawili kumfichia siri yake mwenyewe. Akaomba kuanzia siku hiyo aambiwe wazi, hata kama ni mbele ya rais. Kisha akauliza mbao za mwalimu zitachukuliwa lini, kwa sababu mvua ikizikuta pale chini zitaoza.

Walizichukua, zilizopona na zilizopasuka. Miezi mitatu ikapita kabla fundi hajakubali ghala jingine, na alipokubali, usiku wa kuamkia siku ya kazi hakulala. Walikuwa wamepanga upya kazi. Kaka haingii tena; anasimama mlangoni, ambako macho yake, ambayo hayana shida, yanaziona boriti zote kwa pamoja. Alimfunga fundi kamba kiunoni, akavuta fundo mara mbili, akaizungusha ncha ya pili mkononi mwake, ili amvute akiona kitu kimesogea.

Ndani palinuka popo na nyasi kuukuu. Fundi alipita polepole. Akaifikia nguzo ya kwanza, akainua nyundo, akagonga. Ikalia kavu. Akagonga tena, na tena, na bado hakuamini masikio yake.